Kwa nini mashabiki wa NASCAR wanagombana kwa mbio zisizo na pointi

*Swali: Natokea Tanga, sasa naendesha lori hapa Charlotte, North Carolina. Kila ikifika Mei wenzangu kazini huacha habari zote wakaanza kubishana kuhusu kanuni mpya za All-Star Race ya NASCAR. Mwaka 2025 wawili nusura washikane mashati kwa sababu ya kitu walichokiita bendera ya promota. Nilipouliza kama mbio hizo si hazina pointi, nikaambiwa sielewi kitu. Naomba unieleweshe. Wanakasirikia nini hasa? Wana haki? Na wenye mbio huwa wanawasikiliza?*

Ndugu yangu, wenzako wanajua wanachokisema, na hasira yao ni ya zamani kuliko bendera ya mwaka 2025. Nianze na mbio zenyewe, kisha tuingie kwenye ugomvi.

NASCAR, chama kinachoendesha mbio za magari za Marekani, ina mbio mbili kila mwaka ambazo mshindi wake hapati hata pointi moja ya ubingwa. Ya kwanza inaitwa Clash, nayo hutangulia msimu mwezi wa Februari. Ilianza Daytona mwaka 1979 kwa madereva waliokuwa wameshika nafasi ya kwanza ya kuanzia msimu uliotangulia, ikawa ya mizunguko 20 tu, na Buddy Baker akaichukua. Ya pili ndiyo hiyo All-Star ya Mei. Ilianza mwaka 1985 kwenye uwanja wa Charlotte, jirani na unapoishi, kwa madereva walioshinda mbio msimu wa nyuma, na Darrell Waltrip akawa mshindi wa kwanza. Tangu mwaka 2003 anayeshinda anaondoka na dola milioni moja.

Ukiifikiria kama mechi ya kirafiki ambayo kocha anajaribia wachezaji wapya, hujakosea sana. Ila hapa kinachojaribiwa ni sheria ya mchezo wenyewe, na sheria ikionekana inafaa, haibaki pale. Mwaka 1992 Humpy Wheeler, aliyekuwa akiuendesha uwanja wa Charlotte, alifunga taa kuuzunguka uwanja mzima wa maili moja na nusu ili All-Star ikimbiwe usiku. Usiku ule Davey Allison na Kyle Petty waligusana wakivuka mstari wa kumalizia. Allison alishinda huku gari lake likienda kujibamiza ukutani, akapelekwa hospitali badala ya jukwaa la ushindi. Taa zikabaki. Kufikia mwaka 1998 Daytona nayo ilikuwa na mbio za usiku. Kugawa mbio vipande vipande, jambo ambalo All-Star imelifanya miaka nenda miaka rudi, kuliingizwa katika mbio zote za ubingwa mwaka 2017. Tairi laini zilizojaribiwa North Wilkesboro Mei 2024 zilitumika kwenye mbio za pointi za Richmond Agosti ya mwaka huo huo.

Kwa hiyo shabiki anayesoma kanuni mpya kabla ya All-Star hasomi habari za jioni moja. Anasoma kitu ambacho huenda akalazimika kukitazama msimu mzima wa mwakani. Ndiyo maana anapiga kelele mapema, kabla injini hazijawashwa, maana anajua kelele za baadaye hazifui dafu.

Na limewahi kumkuta. Mwaka 2018 pale Charlotte, NASCAR iliweka vibati vya kubana hewa inayoingia kwenye injini na kuyapa magari spoila refu, lile bamba la nyuma linalotumia upepo kulikandamiza gari barabarani. Nguvu ikapungua, magari yakakimbia kwa kukaribiana, na Kevin Harvick akashinda. Watu wengi waliokuwa uwanjani walifurahi kwa dhati, ilikuwa burudani. Mwaka uliofuata ndugu wa kanuni ile akaletwa kwenye msimu wa ubingwa: katika viwanja vingi vikubwa injini zilibanwa hadi kama hospawa (kipimo cha nguvu ya injini) 550, na spoila ikawa ndefu. Hapo ndipo utamu ulipogeuka shubiri. Dereva hakuhitaji tena kuinua mguu kwenye kona nyingi, na aliyekuwa nyuma alishindwa kupita kwa sababu hewa iliyovurugwa na gari la mbele ililegeza lake. Malalamiko yalidumu hadi magari ya aina mpya yalipoletwa mwaka 2022. Mwenzako mwenye umri kidogo akikwambia "tulishangilia wenyewe, tukalipia wenyewe", anazungumzia hilo.

Lakini usidhani mashabiki wa NASCAR hukataa kila kipya. Hili ndilo jambo ambalo watu wa nje hulikosea, na hata baadhi ya waandishi wa Marekani hulikosea. Nichukue usiku mmoja, Julai 2020, All-Star ilipohamishiwa Bristol, Tennessee. Mambo mawili mapya yalijaribiwa usiku ule ule, mbele ya mashabiki wale wale, moja likapokewa kwa mikono miwili na la pili likazomewa.

La kwanza lilikuwa ruhusa ya kuchagua mstari. Zamani, bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo kwa sababu ya hatari, ikishatolewa na magari yakajipanga kuanza upya kwa safu mbili, nafasi yako ndiyo iliyokupangia safu: wa kwanza, wa tatu, wa tano upande mmoja, wa pili, wa nne, wa sita upande mwingine. Katika viwanja vingi safu moja ina mshiko kuliko nyingine. Ndipo ungeona kichekesho cha madereva kukanyaga breki wakitoka kwenye eneo la mafundi, wakiwahesabu walio mbele yao, ili watoke wa tatu badala ya wa pili. Kanuni mpya iliweka alama barabarani. Kabla ya kuifikia, kila dereva anaamua: niende ndani au nje? Aliye wa sita akiona safu ya nje imekimbiwa na wenzake, anaweza kuichukua na kuanzia safu ya mbele kabisa, akikubali kuwa lami ya huko inateleza. Viwanja vidogo vya mitaani vilikuwa vikifanya hivyo tangu zamani. Mashabiki waliipenda mara moja, na mwezi uliofuata ikaingia kwenye mbio za pointi pale Michigan. Ipo mpaka leo na sijamsikia mtu anayetaka iondolewe.

La pili lilikuwa namba. Namba kubwa ya ubavuni, ambayo tangu enzi na enzi ilikaa katikati ya mlango, ilisogezwa nyuma karibu na tairi ili mdhamini apate eneo kubwa zaidi la kuweka jina lake. Kwa mgeni hilo ni jambo dogo, na huenda wewe pia unajiuliza lina uzito gani. Tazama maegesho ya lori zenu kazini, au kofia wanazovaa wenzako siku ya Ijumaa. Utaiona 3 iliyoinamishwa kidogo ya Dale Earnhardt, aliyefariki Daytona mwaka 2001. Utaiona 43 ya Richard Petty, utaiona 24 ya Jeff Gordon. Mtu huyarithi mapenzi ya namba kutoka kwa baba yake, dereva akistaafu namba inabaki, na anayepewa kuiendesha anahesabiwa kuwa amebeba jina la watu. Kuisukuma namba pembeni ili tangazo litanuke kuliwaambia mashabiki, bila maneno, nani ametangulizwa. Walipiga kelele sana. Namba haikurudi nyuma kama ilivyojaribiwa Bristol, lakini mwaka 2022 ilisogezwa mbele, karibu na tairi la mbele, na wadhamini wakapata eneo lao. Huo ndio mfano wa kusikilizwa nusu.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja utaona kipimo chao. Kanuni inayomwongezea dereva kazi ya akili na ujasiri, wataipokea hata kama ni ngeni kabisa. Kanuni inayoingiza mkono wa mtu mwingine kati ya dereva na ushindi wake, au inayochukua kitu chao na kukiuza, wataikataa hata kama inaleta burudani.

Sasa bendera ya promota. All-Star ya 2025 ilikuwa North Wilkesboro, uwanja mkongwe usiofika hata maili moja, uliofungwa baada ya 1996 na kufufuliwa 2023. Mbio zilikuwa za mizunguko 250. Kabla ya mbio, ilitangazwa kwamba kampuni inayomiliki uwanja, Speedway Motorsports inayoongozwa na Marcus Smith, imepewa haki ya kutoa bendera ya njano mara moja, wakati wowote itakaopenda kabla ya mzunguko wa 220, isipokuwa kama bendera ya kweli ingetokea baada ya mzunguko wa 200. Yaani hakuna ajali, hakuna mafuta barabarani, hakuna kipande cha bampa kilichoanguka. Mwenye uwanja akiona mbio zimepoa, anazisimamisha.

Kwa mtu anayeendesha gari kwa riziki kama wewe, fikiria maana yake. Bendera ya njano huyakusanya magari yote. Sekunde tano ulizozitafuta kwa mizunguko mia moja, ukitunza tairi, ukijizuia kwenye kila kona, zinafutika. Ajali ikitokea, hiyo ni bahati ya mchezo na kila dereva anaikubali. Lakini hapa kuna mtu aliyeketi akitazama, mwenye tiketi za kuuza, anayeamua kwamba uongozi wako unachosha.

Kelele zilianza siku ile ile. Wengine walisema hii sasa ni mieleka ya kwenye televisheni. Wengine, na nadhani hawa walikuwa na hoja, walisema ni mbio zisizo na pointi, kuna dola milioni moja, madereva wote wanaijua kanuni kabla ya kuanza, basi wajipange. Ikawaje? Joey Logano aliongoza zaidi ya nusu ya mizunguko. Mzunguko wa 220 ulipokaribia, bendera ya promota ikatoka. Logano alibaki barabarani na tairi zake za zamani. Christopher Bell aliingia kwa mafundi akabadilisha tairi mbili. Mizunguko ikiwa imebaki michache Bell alimfikia, wakagusana, Logano akasukumwa kuelekea ukutani, na Bell akachukua milioni. Logano hakuficha baada ya mbio kwamba kanuni ile hakuipenda hata kidogo.

Na hapa ndipo wenzako wawili nusura washikane. Mmoja wao, nina hakika, alisema zilikuwa mbio nzuri kuliko ambavyo zingekuwa. Amesema kweli. Mwingine akasema aliyestahili ameporwa. Naye amesema kweli. Binafsi nipo na huyu wa pili. Timu ya Logano ilikuwa na nafasi ya kubadilisha tairi na haikubadilisha, hilo ni kosa lao na Bell alilitumia kihalali. Lakini uamuzi ule wa tairi ulilazimishwa na mtu asiyekuwa kwenye gari lolote. Nikiutazama ushindi nataka niweze kusema ulitoka wapi, na usiku ule sehemu yake ilitoka ofisini.

Kuna makosa mengine ya kanuni ambayo hayana ubaya wa nia, ila yamevurugwa na hesabu. Mwaka 2012 ilipangwa kwamba mshindi wa kila kipande atatangulia kuingia kwa mafundi mara ya mwisho. Jimmie Johnson akashinda kipande cha kwanza, kisha akarudi nyuma ya msafara na kutembea polepole vipande vilivyofuata, maana hakuwa na cha kutafuta tena. Akashinda mbio. Mashabiki walinunua tiketi kumwona bingwa wa mara tano akipumzika. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa, ikahesabiwa wastani wa nafasi katika vipande vyote, na Johnson akashinda tena, safari hii akiwa amekimbia kweli. Mwaka 2016 kanuni zilikuwa na masharti mengi kiasi kwamba katikati ya mbio madereva wenyewe hawakujua nani yuko mzunguko gani. Matt Kenseth aliadhibiwa kwa kutoingia kwa mafundi kwa wakati uliotakiwa, na Tony Stewart akaondoka akilaani mpango mzima mbele ya kamera. Joey Logano ndiye aliyeshinda.

Texas 2022 ni kisa kingine. Ryan Blaney alikuwa anakaribia mstari wa ushindi, mita chache tu, bendera ya njano ikatoka kwa sababu gari jingine liligusa ukuta. Kanuni ya All-Star ilidai mbio zimalizike chini ya bendera ya kijani, yaani magari yakiwa kwenye kasi kamili. Blaney, akiamini ameshinda, alikuwa ameshashusha wavu wa dirisha, ule unaozuia mkono usitoke nje gari likipinduka. Akaambiwa mbio bado. Dereva aliyefungwa mikanda na kifaa cha shingo hawezi kuurudisha wavu ule vizuri akiwa peke yake. Alihangaika nao kwa mkono mmoja, akaruhusiwa kuendelea, akashinda kwa mara ya pili usiku huo huo. Denny Hamlin, aliyekuwa wa pili, alilalamika, na mashabiki wengi wakasimama naye, kwa sababu sheria za usalama hazina mbio za maonyesho. NASCAR yenyewe ilikiri baadaye kwamba bendera ilitolewa mapema mno.

Umeniuliza kama wana haki. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Pale wanapokosea ni pale wanapoukataa uwanja au umbo la mbio kabla ya kuliona. Clash ilipopelekwa Los Angeles mwaka 2022, ikawekwa lami ya muda ndani ya Coliseum, uwanja wa michezo ya Olimpiki ya 1932 na 1984, watu walicheka: robo maili, magari ya kasi vile, kwenye bakuli la mpira! Logano alishinda, na wengi waliocheka walikiri kwamba walifurahia. Mabadiliko yale hayakumwingilia dereva. Yalimpa uwanja mgumu tu.

Kuhusu kusikilizwa, waliwahi kupewa kalamu wenyewe. Clash ya 2013, wakati huo ikiitwa Sprint Unlimited, iliwaachia mashabiki wapige kura kuhusu urefu wa vipande, kazi ya mafundi, na kama magari ya nyuma yaondolewe kabla ya kipande cha mwisho. Kwenye hilo la mwisho walichagua asiondolewe mtu. Nadhani kila mpanga kanuni angeliandika jambo hilo ukutani kwake. Katika All-Star pia, tangu 2004 mashabiki humpigia kura dereva mmoja aliyekosa kufuzu aingizwe, na mwaka 2008 Kasey Kahne aliingia kwa kura hizo akaenda kushinda mbio zote. Sijasikia mtu akilalamika kwamba amebebwa, maana kura ilimfikisha mlangoni tu. Kilichobaki alikifanya kwa usukani.

Nje ya mbio hizi mbili, sauti yao imekuwa na nguvu zaidi siku hizi. Kelele za kutaka injini zenye nguvu kwenye viwanja vifupi zilijibiwa: kuanzia 2026 hospawa zimepandishwa hadi 750 kwenye viwanja vilivyo chini ya maili moja na nusu. Mfumo wa mchujo uliokuwa ukimpata bingwa kwa mbio moja ya mwisho, uliochukiwa kwa zaidi ya miaka kumi, nao umeachwa msimu huo huo na kurudishwa ule wa mbio kumi za kuhesabu pointi. Walisikilizwa, ila walisubiri sana.

Ugomvi wa 2026 unaweza kukuchanganya, kwa sababu una sura nyingine. All-Star imehamishiwa Dover, Delaware, na North Wilkesboro imepewa mbio za pointi, za kwanza tangu 1996. Watu wa Carolina wamefurahi. Wa Dover wamepoteza mbio za pointi walizokuwa nazo kila mwaka tangu 1969 na kupewa za maonyesho. Kwa hiyo mwenzako wa huko akilalamika kuhusu idadi ya mizunguko na nani anafuzu, msikilize kwa makini. Huenda kinachomuuma ni kwamba mbio zake zimeondoka.

Ukitaka kuuona moyo wa jambo hili bila kusoma kanuni yoyote, huna haja ya kwenda mbali. Winston-Salem ni safari ya saa moja na kitu kutoka kwako. Pale kuna Bowman Gray Stadium, barabara ya robo maili inayouzunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani, ambayo NASCAR imekuwa ikikimbia tangu 1949 na ambayo Clash ilihamia mwaka 2025. Jumamosi usiku wakati wa majira ya joto kuna mbio za kawaida za watu wa pale. Wana desturi yao wanayoiita Fans' Challenge: madereva waliofuzu mbele huulizwa kama wako tayari kuziacha nafasi zao na kuanzia nyuma kabisa, kwa ahadi ya fedha za ziada wakifanikiwa kupanda tena. Halazimishwi mtu. Nenda na hao wenzako wawili, mkae juu karibu na kona, na dereva wa kwanza akikubali kurudi nyuma utaona uwanja mzima unasimama, hata wale waliokuwa wanamzomea.